Wafu Wetu Wasilazwe Diski Moja na Waitaliano

Colonia Arrizabal,
baridi ikianza.

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Baraza,
Ushirika wa Umeme, Maji na Maziko,
Hapa mjini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bwana Osvaldo Tarditti,

YAH: KUPINGA BWAWA LA PAMOJA KATIKA KABATI LA DISKI

Nakusalimu wewe na wajumbe wote, hata wale waliochaguliwa kwa kura ambazo mimi sikupiga. Kichwa cha barua kimeshasema nusu ya jambo. Nusu iliyobaki naomba uisome ukiwa umekaa, maana nakumbuka tangu ulipokuwa darasani kwangu kwamba habari nzito hukuwahi kuzipokea vizuri ukiwa umesimama.

Anayeandika ni Eleuterio Lizarralde, mwalimu mstaafu wa hisabati, katibu wa zamani wa Chama cha Wahispania cha Kuzikana, na mwanachama wa Ushirika huu tangu enzi za nguzo za mbao. Mkono unatetemeka, kwa hiyo herufi zikipinda usidhani ni hasira. Hasira ipo, lakini nimeiweka kwenye maneno. Daktari Ferreyra ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka na huenda nisiyaone mavuno ya ngano. Mtu aliyeambiwa hivyo hana sababu ya kuficha jambo, wala muda wa kulizunguka. Nitasema yote, pamoja na yale ambayo mtu wa heshima kwa kawaida huyameza.

Kwanza ujue ni nini kimesimama kwa sababu ya jambo hili. Kimesimama wimbo. Mimi ndiye wa mwisho hapa mjini ninayejua beti zote za wimbo wa Mtakatifu Yakobo kama walivyouimba babu zetu walioshuka melini. Chama changu kinataka niurekodi kabla sijaondoka, na rekodi iwekwe katika kabati lenu. Nimekataa. Sitaimba neno moja hadi bwawa livunjwe. Doña Purificación Otaño, katibu wetu wa sasa, ameshanionya, "Eleuterio, ukifa na wimbo huo nitakuja kukugongea kwenye shubaka la kaburi lako mpaka uutoe." Nimemjibu kwamba agonge, ila asigonge wakati wa usingizi wa mchana.

Kwa faida ya wajumbe vijana, wanaodhani mji huu ulianza na intaneti, nakumbusha mambo mawili.

La kwanza ni makaburi. Tuna vyama viwili vya kufa na kuzikana, cha Wahispania na cha Waitaliano. Kila kimoja kina jumba lake kule makaburini, lenye mashubaka ukutani kutoka chini hadi juu, kila shubaka na jeneza lake, na mbele yake bamba la shaba lenye jina. Kati ya majumba hayo kuna njia ya kokoto na safu ya miberoshi. Mhispania hulazwa kwa Wahispania, Mwitaliano kwa Waitaliano, na ndoa haibadilishi kitu. Mke wangu Nélida Actis, Mungu amrehemu, alikuwa Mwitaliano hadi kwenye kucha, na baridi ya mwaka juzi tulimlaza kwao, safu ya tatu. Shubaka langu liko kwetu, safu ya pili, limeshafagiliwa. Tulikubaliana hivyo bila ugomvi. Mwenyewe ndiye aliyesema, siku moja akikaanga vitunguu, "Eleuterio, nimekusikiliza ukikoroma maisha yangu yote. Huko tuendako niache nipumzike na watu wangu." Nilimwambia kwamba watu wake hukoroma zaidi, ila kwa kuwa wanakoroma kama wanaoimba, yeye haoni kwamba ni kelele. Akanipiga na mwiko begani, si kwa nguvu.

La pili ni kabati. Vyama hivi viwili vilipoamua kuokoa kanda zao kuukuu, yaani kwaya, hotuba, sherehe na matangazo ya kipaza sauti, Ushirika ulikubali kuzitunza katika kabati lake la diski za kompyuta, lilelile linaloweka ankara za umeme na hesabu za maji. Marehemu Don Remo Pautasso, fundi wenu wa miaka hiyo, alilifungua kabati mbele yetu. Tukaona safu juu ya safu ya mashubaka madogo, na katika kila shubaka diski yake. Wanaume wawili walivua kofia. Don Remo akaelewa. Alizigawa diski katika makundi. Kundi la Wahispania kushoto, kundi la Waitaliano kulia, na katikati kundi la Ushirika lenye ankara, kama njia ya kokoto. Kila kundi alilipa diski yake ya akiba, iliyokaa bure ikingoja mwenzake afe ichukue nafasi yake. Kisha akabandika vibamba vya shaba, kwa skrubu, kazi safi. Tulilala usingizi mzuri kwa miaka mingi.

Mwaka jana kabati likazeeka. Mkanunua jipya na kazi ya kulipanga mkampa Mhandisi Yamila Bustos. Binti huyo simlaumu kwa tabia. Ananipa kiti, ananyamaza ninapokohoa, na maji ya yerba yake, ile chai yetu ya kunyonya kwa mrija, huwa moto bila kuchemka, jambo ambalo nusu ya mji huu haijaliweza. Lakini watu wake huzikwa ardhini, hawana jumba, na labda ndiyo sababu hakuona ubaya wa kuzichukua diski zote, za kwetu, za kwao na za ankara, na kuzitia katika kitu kimoja anachokiita bwawa. Ndani ya bwawa hakuna kushoto wala kulia. Ni kweli kila chama kimekatiwa fungu lake lenye mlango wake na ufunguo wake. Lakini nyuma ya mlango, kila kilichomo kimekatwa vipande vidogo na kutawanywa katika diski zote.

Nilimuuliza, "Sasa Wahispania wako wapi?"

"Kila mahali, mwalimu."

"Na Waitaliano?"

"Kila mahali vilevile."

Nikamrudishia kibuyu cha yerba nikasema asante. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba anayesema asante akirudisha kibuyu amekataa kujaziwa tena. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo kwenye kibuyu cha kwanza. Ona nilivyofikishwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ujirani. Don Baldomero Iriarte, mwasisi wetu, na Don Secondo Pautasso, mwasisi wao, walikosana kwa sababu ya ukuta wetu wa kuchezea pelota, ule mpira wa kupiga ukutani, ambao ulitia kivuli uwanja wao wa mipira ya mbao saa ileile waliyopenda kucheza. Hawakusalimiana tena hadi kufa. Hata msibani walitumiana pole kupitia kwa padri, naye padri alikuwa amekaa katikati yao. Leo hotuba ya Don Baldomero imekatwa vipande na kulazwa katika diski zilezile zenye kicheko cha Don Secondo kwenye sherehe ya mwaka wa ukame. Mhandisi anasema havigusani. Nikamuuliza umbali kati yao ni kiasi gani. Alifikiri, maana ni mtu mkweli, akasema, "Mdogo kuliko unene wa unywele." Mheshimiwa, njia ya kokoto makaburini hupitisha gari la maiti na watu wa kulisindikiza pande zote mbili.

2. Akiba. Zamani kila kundi lilikuwa na diski yake ya akiba. Yetu ilijulikana, ilikuwa ya mwisho chini kushoto, na Don Baldomero mdogo, mjukuu, alikuwa na mazoea ya kuigonga kidogo kwa kidole akipita, kwa bahati. Sasa hakuna diski ya akiba kabisa. Kila diski imeachiwa nafasi kidogo tupu, na nafasi hizo zote kwa pamoja ndizo akiba, ya wote na isiyo ya mtu. Mchezaji wa akiba ambaye timu zote mbili zinaweza kumwingiza uwanjani, huyo anavaa jezi gani?

Na si jambo la kuwaziwa tu. Januari, usiku ule wa mvua ya mawe, umeme ulipokatika na kurudi mara kadhaa (umeme wa Ushirika wa Umeme, naongeza bila kusema zaidi), diski moja ilikufa. Hakuna kengele iliyopigwa. Hakuna chama kilichoarifiwa. Nilipouliza baadaye, mhandisi alikuwa anamenya pichi. Akasema, "Ah, ile. Bwawa lilijijenga lenyewe, mwalimu. Kufika asubuhi lilikuwa zima."

Lilijijenga kwa kutumia nini? Hapo ndipo penye aibu. Kipande kilichopotea huhesabiwa kutokana na vipande jirani vilivyobaki, pamoja na jumla iliyowekwa pembeni kwa ajili hiyo. Kama mwalimu wa hisabati sina ubishi. Ukijua jumla, na ukazijua sehemu zote isipokuwa moja, ile moja haiwezi kujificha. Niliwafundisha hivyo, nawe Osvaldo ulikuwa kiti cha nyuma unakula karanga. Wakati wa Don Remo hesabu ilikuwa hiyohiyo, lakini Mhispania aliokolewa na Wahispania. Sasa majirani ni mchanganyiko. Maana yake ni kwamba dansi yetu ya sherehe ya mwaka wa mapacha wa kina Otaño imerudishiwa vipande vyake kwa msaada wa kwaya ya Kiitaliano ikiimba kuhusu mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Niliisikiliza dansi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho nikitafuta doa. Nikairudia. Sikuona doa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote, kwamba hakuna doa.

3. Ahadi. Mhandisi ametuahidi Wahispania nafasi ya kutosha miaka mingi ijayo. Nilifurahi, hadi nilipogundua kwamba ukubwa uleule ameuahidi kwa Waitaliano, na kwa idara ya maji, na kwa zahanati, na ukizijumlisha ahadi zote zinalizidi kabati lenyewe. Nilijumlisha kwa penseli nikampelekea. Hakuona haya hata kidogo. Alisema kila mmoja hupewa nafasi kadiri anavyojaza, na hakuna siku ambayo wote watajaza kwa pamoja.

"Na wakijaza?"

"Kabati litanipigia kelele mapema, mwalimu, nami nitaongeza diski."

Hebu fikiria chama cha kuzikana kikigawa mashubaka kwa hesabu hiyo. Nimekuwa katibu, najua watu wanavyokufa. Hawapangi foleni. Tena Waitaliano hupiga video hata tambi zikichemka. Sherehe moja tu ya mchuzi wao wa vitunguu saumu na dagaa huchukua alasiri nzima, na wao hurekodi alasiri nzima. Watalijaza bwawa wao, na sisi tutabaki na ahadi.

4. Vyeo. Katika bwawa kuna diski za mbio na diski za taratibu. Kinachosikilizwa mara kwa mara hupandishwa chenyewe kwenye diski za mbio, na kisichoulizwa na mtu hushushwa kwenye zile za taratibu. Hakuna kura, hakuna kikao, hakuna kuangalia nani alianzisha mji. Niliomba nioneshwe nani yuko juu na nani yuko chini. Hotuba ya Don Baldomero, iliyoandikwa kwa mkono wake kwa majuma matatu, iko chini kabisa, pamoja na ankara za kabla ya mita mpya. Na juu kabisa, mahali pa heshima, kuna nini? Kanda ya Waitaliano, ya chakula cha Septemba, ambamo mwanamke anasoma kwenye kipaza sauti majina ya walioleta mabakuli, nani kaleta tambi, nani kaleta siagi, na gari la nani limeziba mlango.

Mwanamke huyo, ikitokea mjumbe yeyote hajui, ni marehemu mke wangu. Sisemi hivyo ili kulegeza lalamiko. Nasema ili ijulikane kwamba siupendelei upande wowote. Ninachouliza ni hiki: nani anayeiomba kanda hiyo kila Alhamisi kwenye mashine ya kusikilizia pale kaunta yenu, hata ikapandishwa cheo juu ya mwasisi? Naomba uchunguzi. Simshuku mtu. Lakini mtu huyo anaharibu utaratibu wa historia, na kwa hali ya kaunta yenu, pengine anawachelewesha wanaokuja kulipia maji.

5. Upepo. Wakati wa Don Remo feni ilipuliza kutoka kulia kwenda kushoto, yaani hewa ya moto ya Waitaliano ilitupitia sisi. Nililalamika kwa maandishi. Sasa siwezi hata kulalamikia upepo, maana hakuna kulia wala kushoto. Nimenyang'anywa lalamiko.

Mhandisi alijaribu kunishinda kwa kibuyu. Alikijaza, akakinyanyua mbele ya macho yangu, akasema, "Mwalimu, mrija ni mmoja. Tumenyonya mimi, wewe, Chiche wa gari la maiti, na yule bibi Mwitaliano wa ankara. Mbona humu hujauliza nani yuko upande gani?" Nilikiri kwamba ni hoja. Nikamwambia yerba ni jambo la walio hai, na walio hai hubidi kuvumiliana kwa sababu kesho watakutana tena kwa muuza mikate. Marehemu hawana dharura hiyo. Akasema, "Basi wao ndio wangeweza kukaa pamoja bila shida." Hapo nikaanza kukohoa. Nakohoa mara nyingi siku hizi, si lazima iwe nimeshindwa.

Kwa hayo yote naomba Baraza litekeleze yafuatayo, kwa mpangilio huu.

Kwanza, bwawa livunjwe na diski zirudishwe katika makundi, kila kundi na akiba yake na kibamba chake cha shaba. Vibamba vya Don Remo ninavyo mimi, kwenye kopo la biskuti.

Pili, kwa kuwa makundi mawili katika kabati moja bado yanatumia mlango mmoja, yanunuliwe makabati mawili.

Tatu, kwa kuwa makabati mawili katika chumba kimoja yanavuta hewa moja, vijengwe vyumba viwili, na kati yake imwagwe kokoto.

Nne, ichunguzwe kama umeme uliokwisha kupita kwenye kabati la Waitaliano unaweza kweli kuzuiwa usije kwetu. Kama hauwezi, ziwekwe nyaya mbili kutoka kituoni, na nguzo zigawanywe. Sisi tutachukua za namba witiri. Mwalimu wa hisabati hawezi kuomba vinginevyo.

Tano, wahandisi wawe wawili na wasinywe yerba pamoja.

Sita, na hapa ndipo mantiki inaponipeleka, wala siwezi kuigeuzia kisogo baada ya kuifundisha miaka yote ile, Ushirika wenyewe ugawanywe. Mnara wa maji ni mmoja, lakini unaweza kugawanywa kwa saa. Taa ya barabarani mbele ya nyumba yangu, iliyowekwa kwa juhudi za Nélida alipoketi ofisini mwenu kutwa nzima akifuma soksi mpaka mlipokubali, kwa haki ni ya Waitaliano. Niko tayari kutembea gizani.

Hadi hayo yatimie, nasimamisha sauti yangu. Yamila huja kwangu na kipaza sauti chake, anakiweka mezani, ananisikiliza nikieleza kwa nini siimbi, kisha anakikunja anaondoka. Mara ya mwisho aliniuliza kama anaweza angalau kurekodi kukataa kwangu. Nikakataa.

Nisalimieni makarani wa kaunta. Msalimie mama yako Doña Irma, mwambie jamu ya mapera imefika na kwamba bado anatia sukari nyingi. Msalimie Daktari Ferreyra mkikutana naye kilabuni, mwambieni nameza vidonge. Nisalimie padri, na bibi wa ankara, na wachezaji wa karata wa vyama vyote viwili, kila kimoja kwenye meza yake. Na Chiche mwambie mlango wa kushoto wa gari la maiti unapiga kelele. Autie mafuta kabla ya zamu yangu. Sipendi kupita mbele ya duka la mikate mlango ukilia.

Wako katika umeme na maji, na hivi karibuni katika ile idara ya tatu,

Eleuterio Lizarralde

Tanbihi. Barua hii niliitia kwenye bahasha Jumanne, nikakosa mtu wa kuileta. Leo ni Ijumaa, nimeifungua tena kwa kisu cha siagi, kwa hiyo samahani kwa doa la mafuta.

Jana Yamila alikuja na kipaza sauti chake kama kawaida. Nilikuwa nimeshaanza kueleza kwa nini siimbi, nikaona nimechoka kueleza. Nikamuuliza swali la kawaida tu, kama mtu anayeuliza gharama. Je, nikiimba, sauti yangu itakaa wapi?

"Kila mahali, mwalimu."

"Hata kwenye diski aliko Nélida?"

Alikuwa anamimina maji. Akaacha kumimina. "Kwenye kila diski aliko Nélida," akasema.

"Na kipande chake kikipotea?"

"Kinahesabiwa kutokana na walio jirani naye."

"Nami nikiwa jirani?"

"Basi nawe utakuwa kwenye hesabu."

Halafu nikamwomba asogeze kipaza sauti, maana pumzi yangu haifiki mbali. Niliimba beti zote. Ubeti wa nne niliuanza juu mno, lakini sikurudia, ubaki hivyo.

Kwa hiyo, Osvaldo mwanangu, uchunguzi niliouomba katika lalamiko la nne unaweza kufungwa. Mtu wa Alhamisi ni mimi. Makarani wanajua, ila wana adabu. Nilikuwa nawaambia ninakagua kanda za wapinzani. Ukiisikiliza kanda ile hadi mwisho, baada ya gari lililoziba mlango, Nélida anasahau kuzima kipaza sauti, na ukumbi mzima wa Waitaliano unamsikia akisema, "Eleuterio, umekuja kula kwetu tena. Haya, kaa, lakini vua hiyo kofia." Ndipo panaposikika kiti kikivutwa. Kiti hicho ni changu.

Nayafuta malalamiko yote na maombi yote sita. La upepo tu naomba libaki, kwa kuwa chumba kile kina baridi kweli na binti wa watu anafanya kazi humo. Makaburini kila mmoja atakaa kwao, kama tulivyoahidiana, na njia ya kokoto ibaki palepale. Mimi na yeye tulitoa neno. Lakini kwenye bwawa msiguse kitu. Akija mtu mwingine wa chama changu kudai makundi, mwonyesheni barua hii kuanzia hapa, si kuanzia mwanzo. Na vile vibamba vya Don Remo mwacheni Yamila avichukue, kopo la biskuti liko juu ya jokofu.

Na kama atakuuliza, ingawa najua aliona: jana nilinyonya mpaka mrija ukalia, nikamrudishia kibuyu, wala sikusema asante.